Somo: Kupanda mti kuwinda kulungu ukiwa na mzigo mwepesi

Somo hili ni la wanaowinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde kwenye ardhi ya umma huku Marekani. Unatembea kilomita mbili gizani na kila kitu mgongoni, jioni unarudi nacho. Ndiyo maana watu wanahesabu gramu. Kosa la wengi ni kuanza kupunguza pasipo pake: wananunua kamba nyembamba na karabina ndogo (pete za chuma zenye mlango, za kuunganishia kamba), huku mkoba umejaa vikorokoro visivyotoka ndani msimu mzima. Anza na mkoba. Kamba iwe ya mwisho kuguswa.

Kiti cha kupandia, kile cha vipande viwili vinavyokumbatia shina, kina kilo 8 hadi 11, na kinadai mti mnyoofu usio na matawi chini. Mkanda wa kuketi unaovaliwa kiunoni na makalioni, ukaegemea nyuma uso ukiutazama mti, ni kilo 1.5 hadi 2 pamoja na kamba zake. Ongeza fimbo tatu za ngazi, yaani vipande vifupi vyenye vidato vinavyofungwa shinani kwa mshipi, na kikanyagio kidogo, jumla inakuwa kilo 5 au 6. Ukitumia fimbo moja tu, unayoihamisha juu kadiri unavyopanda, na kamba ya kushukia unafika kilo 4 hivi.

Hatua ya 1: mti. Tafuta mti hai, kipenyo cha sentimita 25 hadi 45 usawa wa kifua. Usipande mti mkavu hata ukionekana imara. Mashariki mwa Marekani angalia sana miti ya ash: mdudu aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 ameiua kwa mamilioni, na iliyokufa hukatika ghafla bila kulia kwanza. Ganda la hickory la mabapa humeguka chini ya mshipi wa fimbo na kupiga kelele, na beech ni laini, fimbo hupenda kuteleza. Mwaloni hauna lawama.

Hatua ya 2: kamba mbili. Ya kwanza ni kamba ya kiuno, inayozunguka shina na kufungwa pande zote mbili za mkanda. Hiyo inakuacha mikono huru wakati wa kupanda, lakini haizuii anguko: ukiteleza inashuka nawe ikikwaruza ganda. Ya pili ni kamba ya mti, mita 2.5 hadi 3, inayolikaba shina na kuubeba uzito wako wote. Zote ziwe kamba tuli, yaani zisizonyumbuka, za milimita 8 hadi 11. Karabina ziwe za kujifunga, zenye alama ya kN 22 (kilonewton, kipimo cha nguvu) au zaidi. Namba hiyo ni ya kuvutwa kwa urefu. Zikivutwa kwa ubavu, nyingi zinabaki na kN 7 tu, kwa hiyo kagua kila mara kama karabina imelala vibaya.

Urefu wa kamba ya mti unarekebishwa kwa fundo la prusiki, mizunguko mitatu ya uzi juu ya kamba: likiwa legevu linasogea, likivutwa linashika. Uzi wa fundo uwe mwembamba kuliko kamba kwa milimita 2 hivi. Ukikaribiana mno na unene wa kamba haushiki, ukiwa mwembamba mno unajikaza na hutaufungua ukiwa na glavu. Lijaribu ukiwa chini: funga, keti, ruka kidogo, kisha lisogeze kwa mkono mmoja. Kamba ikilowa au kuganda kwa baridi, jaribu upya. Fundo lililoshika vizuri Septemba linaweza kuteleza Novemba.

Hatua ya 3: fimbo. Fimbo ya sentimita 45 hadi 50 yenye vidato viwili ina gramu 700 hadi 1,100. Kitanzi cha mguu chini yake kinaongeza nusu mita kwa gramu chache, na hapa ndipo uzito unapookolewa kweli: fimbo tatu zenye vitanzi hukufikisha mita 5 hivi, ambako bila vitanzi ungehitaji nne. Funga mshipi ukaze, kisha isukume fimbo chini kwa uzito wako hadi meno yake yaume ganda. Usipofanya hivyo, ukikanyaga kidato cha chini au kitanzi, kitako cha fimbo huchomoka pembeni. Mti ukiinama, panda upande wa mgongo wake, si wa tumbo. Chuma kinachogusana kizungushie tepu ya kitambaa, maana mlio mmoja asubuhi tulivu unatosha kuharibu siku.

Hatua ya 4: kupanda na kukaa. Kamba ya kiuno inafungwa kabla mguu haujaacha ardhi. Ukikuta tawi, funga kamba ya mti juu yake kwanza, halafu ndiyo ufungue ya kiuno. Usibaki bila kamba hata sekunde moja. Ukifika juu, kamba ya mti iwe usawa wa macho ukiwa umesimama, na isilegee. Kamba tuli hainyumbuki, hivyo anguko la nusu mita tu linavunja mtu. Upinde unauvuta juu baadaye kwa uzi wa mita 9, mishale ikiwa kwenye podo. Kwa bunduki, iwe tupu.

Hatua ya 5: kushuka. Wa fimbo tatu wanarudi walivyopanda. Wa fimbo moja wanashuka kwa kamba ya milimita 9 na kifaa cha kuteremkia, fundo la prusiki likiwa akiba, na uzi mwembamba wa kuivuta kamba wakiwa chini. Piga fundo nene mwisho wa kamba. Gizani ni rahisi kudhani imefika ardhini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kamba za Dyneema, zile za nyuzi za plastiki imara, ni nyepesi mno. Kwa nini nisizitumie kote?*

Kwa kufungia fimbo, sawa. Kwa prusiki na kushukia, hapana: zinateleza, na zinayeyuka karibu na nyuzi joto 145, ambazo msuguano unaweza kuzifikia. Fundo la kawaida nalo hupunguza sana nguvu yake, ndiyo maana ncha husukwa ndani ya kamba badala ya kupigwa fundo.

*Mimi nina kilo 125. Nitabebwa?*

Vifaa vingi vina kikomo cha kilo 136, yaani pauni 300. Jumlisha nguo, viatu, mkoba na upinde, utaona umeshafika. Tafuta vyenye kikomo kikubwa zaidi, au acha mkoba chini.

*Wahadzabe wanapanda mbuyu kwa vigingi wakifuata asali. Huku tukitumia vidato vya skrubu si itakuwa rahisi?*

Rahisi ndiyo, ila majimbo mengi yanakataza kutoboa mti wa umma, Michigan ikiwemo. Soma kanuni za jimbo lako kila msimu, pamoja na inayohusu kuacha vifaa mtini usiku.

*Nyonga zinauma na miguu inakufa ganzi baada ya saa moja.*

Kwanza refusha kamba ya mbele ya mkanda, ile inayoitwa daraja. Ikiwa fupi inabana nyonga. Kisha shusha mkanda ukae chini ya makalio, na badilisha kati ya kuketi na kuegemea. Lakini mtu akining'inia bila kukanyaga chochote, hiyo ni hatari: damu hukwama miguuni na anaweza kuzimia. Weka kitanzi cha mguu mfukoni, mahali mkono unafika.

*Kamba inatupwa lini?*

Ipitishe vidoleni yote kabla ya msimu. Ukikuta pamebonyea, pagumu, au utando wa nje umechanika hadi uzi mweupe unaonekana, ikate vipande hiyohiyo siku ili asije mwingine akaiokota. Daraja ndilo huisha mapema, hasa pale karabina inapopita.