Kupaka rangi ya unga vichwa vya risasi vya kuvulia

Vichwa vya chambo, yaani vipande vya metali ya risasi vinavyosubiwa kwenye ndoana, vimeshatoka kwenye kalibu, ndoana zimekaa sawasawa, imebaki rangi. Kwa vichwa vya risasi mimi situmii tena rangi ya maji wala ya kucha. Kichwa hiki kazi yake ni kugonga mawe na changarawe kila unapovuta mshipi, na rangi ya kawaida hubanduka vipande vipande. Rangi ya unga haikauki kama nyingine. Ni plastiki iliyosagwa laini pamoja na rangi yenyewe. Ikikutana na metali ya moto huyeyuka na kushika. Ikiokwa hukomaa, ikawa ngumu, na haiyeyuki tena. Ndiyo maana nitazungumzia joto kuliko rangi: ukilimudu joto, mengine ni mikono tu.

Kwanza jua metali uliyo nayo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi na bati tupu kwenye 232, kwa hiyo zote mbili hustahimili oveni ya nyuzi 180. Lakini wavuvi wengi sasa wanaikimbia risasi kwa sababu ya sumu yake, nami nawaunga mkono, na baadhi yao wanasubu mchanganyiko wa bismuthi na bati. Angalia hapo! Ule wenye bismuthi asilimia 58 na bati asilimia 42 huyeyuka kwenye nyuzi 138 tu. Ukiuoka, utafungua oveni ukute ndoana zinaning'inia tupu na metali imetapakaa chini. Huo upake rangi ya kawaida. Chambo kilichoungwa kwa lehemu ya bati na risasi nacho kina hatari yake, kwa kuwa lehemu hiyo huanza kulegea kwenye nyuzi 183, na oveni ndogo hupita hapo bila kukuambia. Mbao na plastiki usijaribu kabisa.

Pili, oveni utakayotumia isipikiwe chakula tena. Fanya kazi penye hewa, vaa barakoa maana unga huu ni mwepesi na huingia kifuani, na nawa mikono kwa sabuni kila ukishika risasi. Watoto wakae mbali. Katika haya sina mjadala.

Sasa kichwa chenyewe. Piga tupa ule ukingo ulioachwa na kalibu, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti. Baada ya hapo usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuacha doa lisiloshika rangi. Vichwa vilivyosubiwa karibuni hushika vizuri kuliko vilivyokaa hadi vikafifia na kuota ukungu mweupe.

Kupasha moto, mimi napendelea mashine ya kupuliza hewa moto. Taa ya spiriti nayo inafaa kwa kuwa moto wake ni safi. Mshumaa hapana: huacha masizi, na rangi yoyote nyeupe au ya njano itatoka imechafuka. Shika ndoana kwa koleo kwenye mpindo wake, elekeza joto kwenye kichwa, ukizungusha taratibu. Usiuchome waya wa ndoana. Chuma cha ndoana kikipashwa mpaka kibadilike rangi hupoteza ugumu wake, na samaki mkubwa ataikunjua. Kichwa cha gramu 7 huchukua kama sekunde 20 mbele ya hewa moto. Kizito zaidi huchukua muda mrefu zaidi, lakini pia hukaa na joto lake muda mrefu. Kama unatumia moto wa wazi, kopo la unga liwe mbali nao na lifunikwe, kwa sababu vumbi la unga likitimka hewani linaweza kushika moto.

Kabla ya kuchovya, tikisa kopo au koroga unga ulegee. Ukiwa umeshikamana, utachota mabonge. Pitisha kichwa ndani ya unga kwa sekunde moja, kama unafuta kitu, utoe, kisha gonga koleo ukingoni mwa kopo ili unga wa ziada udondoke.

Halafu tazama, usikimbilie kingine. Kichwa chenyewe kitakuambia. Kama unga umelainika na kung'aa ndani ya sekunde chache, joto lilikuwa sawa. Kama umebaki mkavu, una chengachenga, joto lilipungua. Rudisha kwenye hewa moto kidogo, kwa mbali, mpaka ung'ae. Kama rangi imejaa mapovu, imegeuka kahawia au inatoa moshi, ulipitiliza. Na kama imeshika nene ikavimba chini, hicho kitadondosha matone ovenini. Rangi nyembamba ndiyo nzuri. Mtu anayeanza hutamani kuchovya mara mbili, lakini mara moja kwa joto sahihi inatosha.

Rangi kali zile za kung'aa, kijani cha ndimu, chungwa, waridi, hupauka juu ya risasi ya kijivu. Anza na nyeupe nyembamba, kisha rangi yenyewe juu yake. Unga unaowaka gizani nao hutaka nyeupe chini. Ukitaka mgongo wa rangi nyingine, chovya rangi ya tumbo, kisha kichwa kikiwa bado na joto, chukua brashi laini yenye unga wa pili uigonge kwa kidole juu ya mgongo. Unga utanyesha na kuyeyuka pale pale, na mpaka wa rangi mbili utakuwa laini.

Rangi ikiwa bado laini, pitisha sindano kwenye tundu la kufungia mshipi. Ukisubiri mpaka baada ya kuoka, utalitoboa kwa shida na kubandua rangi pembeni.

Kama unapaka vingi, tengeneza kopo la hewa: kipande cha bomba, chini yake karatasi ya kuchujia iliyobana vizuri, na chini zaidi chumba kidogo kinachoingiza hewa kutoka pampu ya tangi la samaki. Hewa ikipita, unga huvimba na kutikisika kama maji yanayoanza kuchemka, na rangi hushika nyembamba, sawasawa pande zote. Hewa iwe kidogo. Unga ukiruka nje, punguza.

Mwisho ovenini. Ning'iniza vichwa kwenye waya, visigusane, kwenye nyuzi 175 hadi 180 kwa dakika 15 hadi 20, ila kama maelekezo ya kopo lako yanasema vingine, fuata hayo. Weka kipimajoto ndani, usiamini namba za kitufe. Zima, acha vipoe humo humo.

Ndipo uchukue kimoja ukisugue kwa pamba yenye asetoni. Pamba ikibaki safi, au ikiwa na rangi hafifu tu, kimeiva. Rangi ikitoka kwa wingi na uso ukalainika, kundi zima lirudi ovenini dakika 10 nyingine. Macho ya kubandika na manyoya vifuate baada ya hapo, kwa kuwa havistahimili oveni.