Kabla Hujafungua Fasihi ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia

Ukiamua kuanza kusoma fasihi ya zamani ya Kiswahili, tulia kwanza. Nimefundisha somo hili miaka mingi hapa Nairobi, na wengi niliowaona wakikata tamaa hawakushindwa na kusoma. Walianzia pabaya.

Kamusi uwe nayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha kwa riwaya na tamthilia. Lakini usisimame kwa kila neno. Lipigie mstari kwa penseli, songa mbele, ulirudie sura ikiisha.

Ukinunua vitabu vya inama, vile vinavyotandazwa chini kandokando ya barabara mjini, pekua kurasa zote kabla hujatoa pesa. Nakala nyingine zimenyofoka katikati, nyingine ni fotokopi iliyofifia.

Mwongozo wa uchambuzi usinunue. Ule ulikuwa wa kukupitisha karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika mtihani wa KCSE. Sasa hakuna anayekuuliza maudhui wala sifa za mhusika mkuu, kwa hiyo soma kitabu chenyewe.

Kama pesa ni shida, maktaba zipo. McMillan, jirani na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka wa 1931 na kwa miaka mingi ikawa ya Wazungu peke yao. Leo ni yako, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Ulizia kwanza kama iko wazi ndipo upande matatu.

Sasa sikiliza hili vizuri: usianze na tenzi za kale, na ukizifikia, usizisome bila sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu.

Kuna kijana wa mtaani kwetu Umoja, muuza vipuri Kirinyaga Road, aliyesikia beti za Al-Inkishafi, mmoja wa tenzi hizo, zikighaniwa kwenye hafla fulani. Zilimshika. Akatafuta nakala, akapata fotokopi isiyo na jalada, wala utangulizi, wala maelezo yoyote ya maneno. Akawa anaisoma asubuhi akienda kazini. Kila mshororo ulikuwa na maneno mawili matatu asiyoyajua, na kwenye kamusi yake ya shule hayamo. Hakuwa na wa kumwambia kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ambamo njia ni ndia na macho ni mato. Akahitimisha kwamba kasoro ni yake.

Nilipokutana naye stejini nikamuuliza kitabu kinaendaje. Akaniambia, "Mwalimu, mimi Kiswahili sijui. Shuleni walinipa alama za bure." Alikuwa ameacha kila kitu, hata Taifa Leo aliyokuwa akiisoma dukani wakati wa chai. Iliniuma sana. Kijana aliyekuwa na kiu, mwenye Kiswahili safi kabisa, amefungiwa mlango na karatasi zisizo na maelezo.

Nikampa Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka wa 1951. Ni kitabu chembamba: Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa nje ya nchi, na waliporudi wakaadhibiwa badala ya kushukuriwa. Alikimaliza upesi, akaja kunibishia kuhusu hukumu. Baadaye sana ndipo tuliporudi Al-Inkishafi, safari hii tukiwa na chapa yenye sherehe. Tulipofika kwenye majumba ya Pate, mji wa kale kisiwani karibu na Lamu, yale madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure ambamo sasa wamelala makinda ya ndege, aliomba tusome tena ubeti ule. Aliuelewa wote.

Kwa hiyo fuata mpangilio. Anza na Kusadikika, kisha Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla (1960), maana upelelezi wa Bwana Msa haukuachi ulale. Halafu Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), ila usiiache mezani kwa watoto wadogo. Ina mambo mazito na iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Nagona ya mwandishi huyo huyo iweke kando kabisa kwa sasa. Ukitaka tamthilia, Nyerere aliwahi kutafsiri Shakespeare, na Mabepari wa Venisi (1969) ni bora uisome kwa sauti, mkiwa wawili. Kwenye ushairi ingia kupitia Sauti ya Dhiki (1973), mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyatunga gerezani. Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kitakuzoesha lahaja. Utendi wa Mwana Kupona, aliomtungia bintiye mwaka wa 1858, ufuate baada ya hapo, nao pia uwe na sherehe. Chapa isiyo nayo irudishe rafuni hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Tafuta mwenzako wa kusoma naye, hasa aliyekulia Pwani. Jirani wa Lamu au Mombasa atakufafanulia kwa dakika moja jambo litakalokusumbua wiki nzima. Mwamkie vizuri na usimsumbue usiku. Kitabu chako usikiazimishe kabla hujaandika jina ndani. Ukisoma ndani ya matatu kaa mbali na dirisha, simu iwe mfukoni, na uangalie usipitilize steji. Taa ya nyumbani iwe na mwanga wa kutosha, na chai iwe mbali na kitabu cha maktaba.