Somo: Kuomba chuo cha udaktari wa meno nje ya jimbo lako bila kujitwisha deni lisilobebeka

Somo hili ni kwa vijana wetu walioko Marekani, pamoja na wazazi wao, wanaojiandaa kuomba chuo cha udaktari wa meno. Orodha nyingi ninazoletewa nizikague zimepangwa kwa ukubwa wa jina. Naomba mzipange kwa kitu kimoja: jumla ya pesa ambazo wewe, kwa ukaazi wako na karatasi zako, utakuwa unadaiwa siku unapohitimu.

Tuanze na mikopo, maana hapo mambo yamebadilika sana na wengi bado wanafuata ushauri wa zamani. Zamani mwanafunzi aliweza kukopa serikalini gharama yote iliyotajwa na chuo, kupitia mkopo wa Grad PLUS. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeufunga mlango huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Anayesomea meno sasa anakopa serikalini dola 50,000 kwa mwaka, na zisizidi 200,000 kwa masomo hayo yote. Kinachozidi hapo utoe mfukoni, upate mfadhili, au ukope kwenye benki binafsi, ambazo kwa kawaida hutaka mdhamini mwenye rekodi nzuri ya mkopo. Familia zetu nyingi hazina ndugu wa kuweka saini ya dola laki mbili. Kwa hiyo chuo cha bei mbaya leo kinaweza kukukwamisha mwaka wa tatu, pesa zikiwa zimekatika na shahada bado.

Riba nayo. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, mkopo wa serikali wa ngazi hii ulitoza asilimia 7.94, na riba huanza kuhesabiwa siku pesa zinapotoka. Dola 50,000 za mwaka wa kwanza peke yake zinazaa karibu 4,000 kila mwaka, wewe ukiwa bado darasani.

Hatua ya 1: Kabla ya kutazama nje, jua jimbo lako linakupa nini

Kama jimbo lako lina chuo cha meno cha umma, hicho ndicho cha kwanza kwenye orodha, hata kama hukipendi. Jamaa zetu walioko Kentucky wana bahati ambayo wengi hawaijui: University of Kentucky iko Lexington na University of Louisville iko Louisville, miji ileile waliyojaa Wakongo na Warundi, na vyote viwili ni vya umma. Walioko Iowa wana University of Iowa, na wa Minnesota wana University of Minnesota. Texas ina vyuo 4 vya umma: Houston, San Antonio, Dallas na El Paso, na ada zake kwa wakazi ni miongoni mwa nafuu zaidi nchini.

Kama jimbo lako halina chuo cha meno, usikate tamaa, uliza mikataba. Majimbo mengi ya namna hiyo yamenunua nafasi kwa jirani. Idaho, ambako Boise ina Wakongo wengi, ina mpango wa pamoja kati ya Idaho State University na Creighton University wenye nafasi 8 kila mwaka. Wakazi wa Kansas wana makubaliano na Missouri yanayowawezesha kusoma meno University of Missouri–Kansas City kwa ada ya mkazi, na Missouri nayo inapeleka Kansas wanafunzi wake wa usanifu majengo. Magharibi kuna mpango wa WICHE, ambao majimbo kama Montana, New Mexico na Arizona huutumia kumlipia mwanafunzi sehemu ya ada katika chuo cha jimbo jingine. Soma masharti: baadhi ya majimbo yanataka urudi kufanya kazi nyumbani ukimaliza. Kwangu mimi hilo si sharti baya, lakini ulijue kabla ya kusaini.

Hatua ya 2: Toa vyuo ambavyo havikuhitaji

Hapa ndipo pesa za maombi zinapotea bure. East Carolina University ina ada nzuri sana, ila inachukua wakazi wa North Carolina tu. Texas ina sheria inayozuia wanafunzi wa nje kuzidi asilimia 10. Bei ya chini kwenye tovuti haina maana kama kiti chenyewe hakipo kwa ajili yako.

Kwa kila chuo tafuta namba tatu: wa nje ya jimbo walioomba ni wangapi, walioitwa kwenye usaili ni wangapi, walioanza masomo ni wangapi. ADEA, chama cha vyuo vya meno vya Marekani, kinazikusanya taarifa za namna hii kwenye mwongozo wake wa vyuo, na vyuo vingi huweka sura ya darasa la mwaka wa kwanza kwenye tovuti. Ukikuta darasa la watu 100 lina wageni 4, kifute. Ukikuta wageni 40, kiweke, kisha nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Uliza mwaka wa pili utahesabiwa nani

Hili ndilo swali lenye pesa nyingi kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Baadhi ya vyuo vya umma humruhusu mgeni aombe kuwa mkazi baada ya mwaka mmoja. Vingine vinakuhesabu mgeni mpaka siku ya mahafali, hata kama umehamia na familia nzima. Tofauti ya ada kati ya mkazi na mgeni inaweza kufika mara mbili.

Mfano mzuri ni California. UCLA na UCSF humtoza mgeni nyongeza ya takriban dola 12,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na mwenye uraia au kadi ya kijani akitimiza masharti ya ukaazi katika mwaka wa kwanza, nyongeza hiyo huondoka. Texas ina njia nyingine: mgeni anayeshinda ufadhili wa ushindani wa chuo, usiopungua dola 1,000, anaweza kutozwa ada ya mkazi. Dola elfu moja zinafungua punguzo la maelfu. Ndiyo maana nasema usidharau ufadhili mdogo.

Swali hili uliza kwa barua pepe, kwa ofisi inayoamua ukaazi, na jibu ulitunze. Alichosema mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye kundi la WhatsApp kinaweza kuwa kilikuwa kweli wakati wake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka yote

Fungua jedwali. Weka ada ya kila mwaka, vifaa, kodi ya nyumba na chakula, bima, nauli. Vifaa vya meno wengi huvisahau: vishikio vya kuchongea, miwani ya kukuzia, meno ya mazoezi. Vinagharimu maelfu ya dola na mara nyingi haviko ndani ya ada inayotangazwa.

Chukua namba za mfano tu. Chuo A ni cha jimbo jingine, kinakuhesabu mgeni miaka yote: ada 70,000 mara nne, vifaa 20,000, maisha 28,000 kwa mwaka. Jumla 412,000. Chuo B kiko jiji la gharama, ila kinakugeuza mkazi: ada 62,000 mwaka wa kwanza, 48,000 miaka mitatu, vifaa 20,000, maisha 36,000 kwa mwaka. Jumla 370,000. Chuo C ni cha jimbo lako na unalala kwa mama: ada 42,000, vifaa 20,000, maisha 12,000 kwa mwaka. Jumla 236,000. Ondoa 200,000 za serikali kwa kila kimoja: A inakudai utafute 212,000, B 170,000, C 36,000. Hiyo 36,000 familia inaweza kuikalia kikao.

Na mwangalie pia University of the Pacific, San Francisco, wanaofundisha kwa miaka 3. Unaokoa mwaka wa maisha na unaanza kazi mapema, lakini kwa kiwango kipya cha 50,000 kwa mwaka utakopa serikalini 150,000 tu. Ni chuo binafsi, kwa hiyo pengo lake ni refu.

Hatua ya 5: Tuma mapema, tuma vichache

Maombi mengi hupita kwenye mfumo wa AADSAS, unaofunguliwa Mei na kuanza kupokea maombi karibu na mwanzo wa Juni. Chuo cha kwanza ni zaidi ya dola 250 na kila kinachofuata zaidi ya 100, hivyo vyuo 10 si chini ya 1,100, kabla ya ada za ziada za vyuo vyenyewe. Texas ina mfumo wake, TMDSAS, ambako ada moja inatosha vyuo vyote unavyovichagua humo. ADEA wana msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo; omba huo kwanza, kabla hujabonyeza kutuma.

Vyuo 8 hadi 10 vilivyochujwa vizuri vinatosha. Vya jimbo lako vyote, vya mkataba kama upo, vinne au vitano vya umma vinavyopokea wageni kwa wingi, na binafsi kimoja au viwili vya bei ya kubebeka.

Maswali ya wanachama

Mama wa Lexington: Daktari, binti yangu ana alama nzuri. Baba yake anataka aende chuo kikubwa cha New York ili apate kazi nzuri. Mimi naogopa. Nimwambieje?

Mwambie, mama, kwamba vyuo vyote vya meno vyenye ithibati ya CODA, yaani chombo kinachovikagua vyuo vya meno, vinampeleka mhitimu kwenye mtihani uleule wa taifa, INBDE, na kwenye leseni ileile. DDS na DMD ni shahada moja yenye majina mawili. Mgonjwa mwenye jino bovu haulizi ulisoma wapi. Jina la chuo linaweza kusaidia kidogo kwa anayetaka ubingwa au ualimu wa chuo, lakini hata hapo matokeo yake binafsi ndiyo yanayobeba. Vipo vyuo binafsi ambavyo miaka minne, pamoja na maisha, inapita nusu milioni. Nyinyi mna chuo cha umma mjini kwenu. Baba akiona jedwali la hatua ya 4, atalainika.

Kijana wa Phoenix: Nikihamia jimbo lingine mwaka mmoja kabla ya kuomba, nifanye kazi, nitahesabiwa mkazi?

Mara nyingi inawezekana, mdogo wangu, ukienda kuishi kweli: miezi 12, kazi, mkataba wa nyumba, leseni ya udereva ya jimbo, kodi ya mapato umelipia huko. Ukienda na kuandikishwa masomo ya muda wote, majimbo mengi yatasema ulifuata shule. Na hapa nawaomba wote mnisikie: kwenye orodha ya ushahidi wa ukaazi utakuta kujiandikisha kupiga kura. Kama una kadi ya kijani, au ni mkimbizi ambaye hajawa raia, usijiandikishe kamwe. Ni kosa linaloweza kukunyima uraia na hata kukufukuzisha nchini. Tumia ushahidi mwingine, upo wa kutosha.

Kaka wa Minneapolis: Jeshi linalipia?

Ndiyo. Ufadhili wa HPSP wa jeshi la nchi kavu, la maji na la anga hulipa ada yote na posho ya kila mwezi, nawe unatumikia baadaye, kwa kawaida mwaka kwa mwaka. NHSC, mpango wa serikali ya Marekani, nao hulipia ada, kisha unafanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba wa madaktari. Vyote viwili vinataka uraia wa Marekani. Kama uraia wako uko njiani, usisubiri mwaka wa mwisho ndipo ujaze fomu yake.

Dada wa Dar es Salaam: Mimi niko nyumbani, namaliza kidato cha sita. Naweza kuja na viza ya mwanafunzi?

Dada, nitakuambia ukweli kwa upendo. Mwenye viza ya F-1 hapati mkopo wa serikali ya Marekani, vyuo vingi vya umma vya meno havimchukui, na vinavyomchukua vinaweza kutaka uthibitisho wa pesa zote. Isitoshe, hapa meno husomwa baada ya shahada ya kwanza, hivyo ni karibu miaka 8. Pale MUHAS, chuo cha Muhimbili, unasoma DDS miaka 5, na University of Nairobi wana shahada yao ya miaka 5. Ukihitimu huko na bado unataka kuja, ipo njia ya madaktari waliosoma nje, miaka 2 hadi 3 kwenye chuo cha Marekani. Nayo ni ghali na ushindani wake mkali, lakini utaingia ukiwa tayari daktari, una kazi mkononi ikishindikana.

Kijana wa Houston: Ni Septemba sasa, sijatuma. Nitume au nisubiri?

Vyuo hupitia maombi kadiri yanavyoingia, na ofa za kwanza hutolewa katikati ya Desemba. Kwa vyuo vya umma vya nje ya jimbo, Septemba umechelewa, maana viti vya wageni ni vichache na usaili umeshaanza. Angalia kama TMDSAS bado iko wazi, utume kwenye vyuo vya Texas, huko wewe ni mwenyeji. Vya nje viache hadi Juni ijayo, na mwaka huu utumie kuongeza alama ya DAT, mtihani wa kuingia chuo cha meno, na saa za kukaa kliniki.