Kabla Hujaagiza Pikipiki ya Umeme ya Porini Kutoka China

Bei unayoiona Alibaba ni ya pikipiki ikiwa bado iko kwa muuzaji. Mpaka uikalie hapa Kenya kuna nauli, ushuru, tozo, pengine VAT (kodi ya ongezeko la thamani), gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha. Sehemu kubwa ya gharama hizo inategemea msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, utakaoandikwa kwenye karatasi zako, kwa hiyo kabla ya kubishana kati ya pikipiki za Surron na Talaria ipi ina nguvu zaidi, jua kwanza forodha itaiita nini.

Tangu toleo la HS la mwaka 2017, pikipiki inayoendeshwa na mota ya umeme ina kifungu chake: 8711.60. Za petroli hugawanywa kwa ukubwa wa injini. Ya umeme haiulizwi ukubwa, na wala haiulizwi itakwenda wapi. Hoja ya "hii ni ya shambani tu, haigusi lami" haipunguzi hata shilingi. Pedali nazo hazisaidii, maana 8712 ni ya baiskeli zisizo na mota. Muuzaji akikuambia ataiandika 9503, kifungu cha vidude vya kuchezea watoto, elewa kwamba atakayeulizwa Mombasa ni wewe, si yeye. Kuna na wale wanaoshauri fremu ije kwenye boksi lake, magurudumu lake na mota lake. Ujanja huo ulishajibiwa zamani na kanuni ya 2(a) ya uainishaji: kitu kilichofunguliwa, kikiwa bado na sura yake ya msingi, huhesabiwa kama kizima. Ukiwa na shaka ya kweli kuhusu msimbo, iandikie KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, uombe uamuzi wa uainishaji kabla mzigo haujapakiwa.

Sasa hesabu. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne tangu tarehe 1 Julai 2022: 0%, 10%, 25% na 35%. Pikipiki iliyokamilika, kwa kawaida, iko kwenye 25%. Tuseme thamani ya forodha, yaani bei pamoja na nauli ya meli na bima mpaka Mombasa, ni KSh 300,000. Ushuru ni KSh 75,000. Ada ya IDF, yaani tamko la kuingiza mzigo, ya 2.5% ni KSh 7,500, na tozo ya maendeleo ya reli ya 2% ni KSh 6,000. Umeshafika KSh 388,500 na VAT bado. VAT ya 16%, pale inapotozwa, haipigwi kwenye 300,000. Hupigwa kwenye thamani pamoja na ushuru, yaani 375,000, na hiyo ni KSh 60,000 nyingine. Mstari mmoja tu wa sheria unakutenganisha na elfu sitini.

Na mstari huo hautulii. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka pikipiki za 8711.60 kwenye VAT ya 0%. Mwaka uliofuata, Mswada wa Fedha wa 2024 ukaja na mapendekezo ya kurudisha VAT kwenye baadhi ya vyombo vya umeme, kisha mswada wote ukaangushwa na maandamano ya Juni. Upande wa ushuru nako, kila mwaka mwishoni mwa Juni Jumuiya hutoa gazeti lake rasmi lenye viwango maalumu vya nchi mojamoja, na Kenya huwa haikosi humo. Kinachowakamata wengi ni tarehe. Kiwango kinachokuhusu si cha siku uliyolipa muuzaji. Ni kile kinachotumika siku mzigo unapoingizwa kwenye mfumo wa forodha kwa matumizi ya nchini. Ukiagiza Mei, ukasubiri kiwanda na meli, utapokewa na viwango vya Julai. Mimi ningeagiza Agosti, vumbi la bajeti likishatua, labda kama una sababu ya haraka ambayo siijui.

Kuhusu ankara, wauzaji wengi watajitolea wenyewe kuandika bei ya chini, tena bila kuombwa. Kataa. Maofisa wana bei za mizigo mingine ya aina hiyohiyo za kulinganishia, na hati ya uongo ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha sheria ya forodha ya Jumuiya: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Hiyo faini inanunua pikipiki kadhaa. Angalia pia bei uliyopewa ni ya wapi. Surron inatoka Chongqing, mbali sana na bahari, kwa hiyo bei ya EXW, yaani ya mlangoni kwa kiwanda, itakuja na safari ya kuifikisha bandarini ambayo utailipia wewe. Omba FOB, yaani bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini, na bandari itajwe kwa jina.

Sheria hiyohiyo ya forodha ina nafuu inayovutia: kwa mzigo wa ndege, nauli haijumlishwi kwenye thamani ya forodha. Usikimbilie. Betri ya Surron Light Bee X ni ya volti 60 na takriban Ah (ampea-saa) 40, yaani karibu Wh (wati-saa) 2,400. Betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zilipigwa marufuku kama mizigo ya ndege za abiria tangu Aprili 2016. Kwenye ndege za mizigo zinapanda zikiwa na chaji isiyozidi 30%, zikiwa na karatasi za bidhaa hatari na bei ya kukutoa jasho. Hata kwa meli, mwombe muuzaji ripoti ya UN38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu safarini, na karatasi ya usalama ya betri, MSDS, kabla ya kutuma pesa. Linganisha namba: Wh zilizobandikwa kwenye betri ziwe ndizo zilizo kwenye ripoti. Akikutumia picha ya cheti yenye jina la kampuni nyingine, tafuta muuzaji mwingine.

Karatasi zilizobaki ni za kawaida: PIN ya KRA, IDF, hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa, na CoC (cheti cha kukidhi viwango) ya mpango wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, wa kukagua mizigo kabla haijaondoka huko. Bila CoC, ukaguzi utafanyika hapa na utaulipia, huku siku za bure za kuhifadhi mzigo zikiisha.

Halafu kuna barabara. Forodha haijali taa wala vioo, lakini NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inajali, na pikipiki ya porini isiyo na indiketa, vioo wala honi haitapata namba. Kulipa ushuru wote hakukupi ruhusa ya kutoka getini mpaka dukani. Ukijua utapita barabarani hata kidogo, ulizia toleo lenye vifaa hivyo tangu kiwandani, kama Light Bee L1e lililotengenezwa kwa masharti ya Ulaya. Na kama porini kwako ni njia ya murramu kwenda shambani, itazame kwanza Roam Air, pikipiki ya umeme inayounganishwa Nairobi. Hairuki matuta, ila vipuri viko mjini.

Ukibaki na nia ya kuagiza, weka vipuri kwenye mzigo huohuo: pedi za breki, kontrola ya akiba, mnyororo. Havina msimbo mmoja: pedi za breki ni 8714.10, mnyororo ni 7315.11, kontrola iko kwenye sura ya 85 ya vifaa vya umeme, na betri ya ziada ni 8507.60, basi kila kimoja kiwe na mstari na bei yake kwenye ankara. Chaja iwe ya volti 240 na plagi ya pini tatu. Ile ya soko la Marekani inaweza kuwa ya volti 110 pekee.