Kiumbe cha seli moja kinaingia himaya gani? Anza na kiini

Wadogo zangu mnaosoma bailojia hapa Tanga, kinachowapotezea maksi kwenye mada ya himaya, yaani yale makundi makubwa ya viumbe hai, ni kuanza kuangalia kama kiumbe kinatembea au ni cha kijani, wakati hayo sio ya kuanza nayo kabisa. Uliza kwanza, seli yake ina kiini au haina?

Kama haina, yaani DNA imekaa tu ndani ya seli bila utando wa kuizunguka, peleka Monera. Huko ndo kuna bakteria wote, wa kipindupindu, wa TB, hata hawa wanaotugandishia maziwa tukapata mtindi, na wapo wa kijani pia, sayanobakteria, wanajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua lakini kiini hawana kwa hiyo sio mimea, na hapo ndo watu wengi wananaswa.

Kiini kipo? Haya, angalia ukuta wa seli na namna anavyokula. Hamira ya maandazi ni seli mojamoja ila ukuta wake una kaitini, ile dutu ngumu iliyopo kwenye ganda la wadudu, na chakula inafyonza, hiyo ni Fungi, usidanganyike na udogo. Wengine karibu wote wenye seli moja na kiini ni Protoktista: amiba, paramesiamu, yuglena, na plasmodiamu wa malaria ambaye sisi watu wa pwani tunamjua vizuri mno. Yuglena ndo anasumbua, ana klorofili, halafu anaogelea kwa mjeledi, na akikaa gizani anaweza kutumia chakula cha nje, we mwache hapohapo Protoktista.

Virusi weka pembeni, hana seli.

Mpango huu wa himaya tano ni wa Robert Whittaker, Mmarekani, 1969. Ila mambo hayakuishia hapo, 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu, vile viwanda vya protini ndani ya seli, wakakuta kuna kundi halina kiini kama bakteria lakini kiukoo liko mbali nao na ukuta wake hauna peptidoglikani, dutu inayojenga ukuta wa bakteria, ndo Arkea. Baadhi yao wanapenda chumvi kali, ukiona maji yamekuwa ya waridi kwenye mashamba ya chumvi mara nyingi ni wao pamoja na mwani fulani. 1990 Woese na wenzake wakapendekeza domeni tatu juu ya himaya: Bakteria, Arkea na Yukaria, yaani wote wenye kiini. Kwa hiyo swali likisema himaya tano, Arkea wabaki Monera, likisema domeni, watenganishe.