Namna ya Kuigeuza Kaulimbiu ya Kiingereza kuwa ya Kilatini

Kamati ya shule ikishaamua kwamba nembo mpya ibebe maneno ya Kilatini, mara nyingi mjumbe mmoja hupewa kaulimbiu ya Kiingereza, akaliingiza kila neno katika programu ya tafsiri, kisha akayapanga majibu kwa mfuatano uleule wa Kiingereza. Njia hiyo ina hatari kubwa, kwa kuwa katika Kilatini uhusiano wa maneno huonyeshwa zaidi na miisho yake kuliko na nafasi yake katika sentensi, na mwisho mmoja ukikosewa, kosa hilo litachongwa langoni na kushonwa kwenye masweta ya wanafunzi kwa miaka mingi. Ushauri wangu ni kwamba msomaji wa Kiswahili asitoke kwenye Kiingereza moja kwa moja hadi Kilatini, bali apitie kwanza katika lugha yake mwenyewe.

Sababu ni kwamba Kiingereza huacha wazi mambo ambayo Kilatini hudai yasemwe, na mengi ya mambo hayo Kiswahili nacho huyadai. Chukua kaulimbiu kama “Learning to Serve”. Ni nani anayejifunza? Je, kutumikia ndilo somo lenyewe, au ndilo lengo la masomo yote? Ukijaribu kuiandika kwa Kiswahili utalazimika kuamua kama ni “jifunze”, “jifunzeni” au “tunajifunza”, na kama kinachofuata ni “kutumikia” au “ili tutumikie”. Kilatini kina tofauti hizohizo: kumwamrisha mtu mmoja ajifunze ni “disce”, kuwaamrisha wengi ni “discite”, na “tunajifunza” ni “discimus”, ambamo “-mus” hufanya kazi ya “tu-” yetu, ila imekaa mwishoni mwa kitenzi badala ya mwanzoni. Kwa hiyo andikeni sentensi moja ya Kiswahili ambayo wajumbe wote wanakubali kwamba ndiyo maana wanayoikusudia, kabla hamjafungua kamusi yoyote.

Uchaguzi wa neno ndio unaostahili muda mwingi kuliko yote. Anayetafuta kitenzi cha kutumikia atapata “servire”, na huenda akaandika “Discimus servire”. Kitenzi hicho kimetokana na “servus”, yaani mtumwa, na Mrumi wa kale angeweza kukisoma kibao hicho kama “tunajifunza kuwa watumwa”. Katika Kilatini cha Kanisa kumtumikia Mungu kwa neno hilo ni heshima, hivyo shule ya kidini inaweza kulitumia bila aibu. Lakini kama kamati ilikusudia kuwafaa watu, kipo kitenzi “prodesse”, ambacho maana yake hasa ni kufaa, na ndicho kilichomo katika “Ut prosim”, kaulimbiu ya chuo kikuu cha Virginia Tech huko Marekani. Tukikichukua tunapata “Discimus ut prosimus”, yaani “tunajifunza ili tufae”. Tazama jinsi lugha hizi mbili zinavyokwenda pamoja hapa: kama vile “ili” ya lengo inavyofuatwa na “tufae” na si “tunafaa”, ndivyo “ut” ya lengo inavyodai “prosimus” na si “prosumus”. Mkitaka kutaja wanaofaidika, ongezeni “aliis”, yaani wengine: “Discimus ut aliis prosimus”. Kamusi ya Lewis na Short ya mwaka 1879 inapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts. Isome mpaka kwenye mifano ya matumizi, kwa maana tafsiri ya kwanza inayotajwa mara nyingi siyo unayoihitaji.

Nomino nazo hubadilika miisho. Sisi tunajua kwamba “nyumbani” ni neno moja lenye kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa maneno mawili au matatu, na Kilatini kimeupanua utaratibu wa namna hiyo sana. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kaulimbiu “Unitate et Labore”, yaani kwa umoja na kazi. Katika kamusi maneno hayo yameandikwa “unitas” na “labor”, na yangenakiliwa hivyo yangekuwa Kilatini sahihi chenye maana pungufu: umoja na kazi tu, bila ile “kwa” iliyomo ndani ya miisho.

Jambo moja ambalo Kiswahili hakitakusaidia ni jinsia. Upatanisho tumeuzoea kutokana na ngeli, lakini kivumishi chetu hakitenganishi mwanamume na mwanamke. Walinzi wa Pwani wa Marekani husema “Semper paratus”, tayari daima, na umbo hilo ni la mwanamume mmoja. Shule ya wasichana inayotaka maneno hayo inapaswa kuandika “Semper paratae”, na shule ya mchanganyiko “Semper parati”. Asiyetaka mjadala huo achague kivumishi kama “fidelis”, mwaminifu, ambacho hakitofautishi mwanamume na mwanamke, na ambacho katika wingi huwa “fideles”.

Ikiwa maneno yametoka katika Biblia, usiyatafsiri upya, bali yachukue katika Vulgata, tafsiri ya Kilatini inayohusishwa na Mtakatifu Yeronimo. Chuo Kikuu cha Strathmore kimefanya hivyo kwa “Ut omnes unum sint”, kutoka Yohana 17:21. Angalia tu hesabu ya Zaburi: “Dominus illuminatio mea” ya Oxford, Bwana ni nuru yangu, imo katika Zaburi ya 27 ya Biblia nyingi za Kiswahili, lakini katika Vulgata ni ya 26.

Kabla ya kuidhinisha, mpe maneno ya Kilatini peke yake padre au mwalimu wa Kilatini wa seminari ambaye hajaiona kaulimbiu ya Kiingereza, na umwombe ayaeleze kwa Kiswahili. Asipofika kwenye ile sentensi mliyokubaliana mwanzoni, rudini kwenye kamusi. Akifika, mwandikieni fundi maneno hayo bila vistari ambavyo kamusi huweka juu ya irabu ndefu. Mkitaka herufi kubwa za mtindo wa Kirumi, kila U iwe V, DISCIMVS VT PROSIMVS, wala msichanganye mitindo miwili katika nembo moja. Kisha uhakikini mchoro wake herufi kwa herufi kabla hajaanza kuchonga.