Kutibiwa meno kwa NHS huko England: nani halipi, anaonyesha nini, na wapi watu hunaswa

Huduma nyingi za NHS (huduma ya afya ya taifa ya Uingereza) ni bure, lakini meno hayamo. Mtu mzima anayeishi England hulipia matibabu ya meno isipokuwa awe kwenye kundi lililosamehewa, na kuthibitisha kwamba yumo ni kazi yake mwenyewe. Ofisi ya daktari wa meno haikukagulii haki yako. Inakupa fomu, unaweka alama kwenye kisanduku, unatia saini. Ukaguzi huja baadaye, kwa barua, na ndipo wengi wa ndugu zetu wanapoumia. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kutafuta daktari, ni kujua unasimama wapi.

Tunayoeleza hapa ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina viwango na misamaha yao.

Bei kwanza. Kuna madaraja matatu ya malipo, na bei tunazotaja hapa ni zile zilizoanza tarehe 1 Aprili 2025. Daraja la kwanza, £27.40, ni uchunguzi, eksirei, ushauri, na kuondoa ukoga ikiwa daktari ameona unahitajika kwa afya ya fizi. Daraja la pili, £75.30, linachukua yote ya kwanza pamoja na kuziba meno, kusafisha na kuziba mzizi wa jino, na kung'oa. Daraja la tatu, £326.70, linaongeza kofia za meno (crowns), meno ya kuunganisha pengo (bridges) na meno ya bandia. Matibabu ya dharura hulipiwa £27.40. Bei hizi hupandishwa kwa kawaida kila Aprili, kwa hiyo angalia tovuti ya NHS kabla ya kwenda.

Unalipa mara moja kwa awamu nzima ya matibabu, kwa daraja la juu kabisa ulilofikia. Meno manne yakizibwa na mawili yakang'olewa katika awamu moja, bado ni £75.30. Ukitozwa £27.40 ya uchunguzi na juu yake £75.30 ya kuziba kwa awamu hiyohiyo, uliza, maana hapo umelipishwa mara mbili. Dharura peke yake huhesabiwa mbali: ukitulizwa maumivu leo kisha ukarudi baadaye kumalizia kazi, hiyo ya pili ni awamu mpya yenye malipo yake. Kutoa nyuzi, kuzuia damu na kutengeneza meno ya bandia yaliyovunjika havilipiwi.

Sasa misamaha. Hulipi chochote ikiwa, siku matibabu yanapoanza, una umri chini ya miaka 18, au una miaka 18 na bado unasoma kutwa. Hulipi ukiwa mjamzito, au ukiwa umejifungua ndani ya miezi 12 iliyopita. Hulipi ukipokea mojawapo ya posho hizi za serikali: Income Support, Jobseeker's Allowance ya aina inayopimwa kwa kipato, Employment and Support Allowance inayopimwa kwa kipato, au Pension Credit (posho ya wazee wenye kipato kidogo) sehemu ya Guarantee Credit. Hulipi ukiwa na cheti cha HC2, tunachokieleza chini. Na baadhi ya wanaopokea Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) hawalipi. Baadhi tu, na neno hilo limewagharimu watu wengi.

Kuwa kwenye Universal Credit hakutoshi. Kinachoangaliwa ni mapato ya kazi, baada ya makato, katika kipindi cha mwisho cha tathmini kilichokamilika, yaani mwezi ambao malipo yako hupimwa. Yakiwa £435 au pungufu, au kama hukuwa na mapato ya kazi kabisa, umesamehewa. Kiwango hupanda hadi £935 ikiwa malipo yako yana sehemu ya mtoto, au wewe au mwenzi wako mmetambuliwa kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi. Wanandoa wanaodai pamoja hujumlishiwa mapato yao. Ugumu unawapata hasa wanaofanya kazi za zamu kwenye nyumba za wazee na maghalani: tuseme kiwango chako ni £935, mwezi huu umepata £900, mwezi ujao umechukua zamu za ziada ukafika £1,050. Mapato ya mwezi wa kwanza yanakupa haki, ya wa pili hayakupi. Fungua akaunti yako ya mtandaoni ya Universal Credit asubuhi ya siku ya miadi, soma taarifa ya kipindi kilichokwisha, iweke kwenye simu au ichapishe. Hiyo ndiyo hati yako. Kadi ya Universal Credit haipo.

Kuna makosa mengine yanayorudiwa kila mwaka. Cheti cha msamaha wa kimatibabu, kile wanachopewa wenye kisukari na maradhi mengine, ni cha dawa tu. Kwa meno hakina nguvu. Kufika miaka 60 kunakupa dawa na vipimo vya macho bure, lakini meno utalipia. Personal Independence Payment (posho ya wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu) peke yake haisamehi. Pension Credit yenye Savings Credit pekee haisamehi. Jobseeker's Allowance na Employment and Support Allowance zinazotokana na michango ya bima ya taifa hazisamehi. Na ada ya afya unayolipa na viza, £1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi tangu Februari 2024, haikuondolei malipo ya meno: inakuweka kwenye NHS sawa na mwenyeji, na mwenyeji naye hulipia meno. Vivyo hivyo kwa wenye viza ya wahudumu wa afya waliosamehewa ada hiyo.

Ukitia saini kwenye kisanduku kisicho chako, barua itakuja kutoka NHS Business Services Authority, ofisi ya NHS inayokagua misamaha. Faini ni mara tano ya bei uliyokwepa, isiyozidi £100, na bei yenyewe juu yake. Kwa uchunguzi wa £27.40, hiyo ni £127.40. Usipolipa ndani ya siku 28 wanaweza kuongeza £50. Kutia saini kwa sababu aliye mapokezi alikuambia weka tiki hapo hakukuokoi, kwa kuwa saini ni yako. Lakini usiilipe barua hiyo kwa hofu kama ulikuwa na haki. Inawezekana jina limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kumbukumbu zao, jambo la kawaida kwa majina yetu ya watu watatu, au tarehe ya kuzaliwa imekosewa. Watumie uthibitisho, waeleze, na wao huifuta.

Ukiwa na shaka siku ya miadi, lipa. Kisha dai fedha zako. Omba risiti inayoonyesha kwamba ulilipia matibabu ya NHS, jaza fomu ya HC5(D), na uitume ndani ya miezi 3 tangu siku uliyolipa. Njia hii ni polepole lakini haina faini.

Cheti cha HC2 ndicho mlango ambao wengi wetu hatuujui. Ni cha mtu mwenye kipato kidogo ambaye hayumo kwenye makundi yale mengine: mwanafunzi, mfanyakazi wa saa chache, mtu ambaye viza yake inamzuia kupokea fedha za umma na hivyo hawezi kuomba Universal Credit. Msaada huu wa gharama za afya haumo kwenye orodha ya fedha za umma zinazokatazwa na masharti ya viza. Unaomba kwa fomu ya HC1, kwa karatasi au mtandaoni, na unaweza kuipata Jobcentre Plus (ofisi ya serikali ya ajira na posho) na kwenye hospitali nyingi za NHS. Sharti la kwanza ni akiba: ukiwa na zaidi ya £16,000, wewe na mwenzi wako kwa pamoja, ombi halipiti (kwa anayeishi kwenye nyumba ya matunzo kiwango ni £23,250). Baada ya hapo wanalinganisha kinachoingia kwa wiki na mahitaji yako, pamoja na kodi ya nyumba na kodi ya halmashauri.

HC1 ni ndefu, na inayorudishwa mara nyingi ni ile iliyoachwa nafasi wazi. Kama huna akiba, andika sifuri. Kama unaishi kwa ndugu bila kulipa kodi, sema hivyo, na ueleze chakula unakipataje. Mtu asiyeonyesha kipato chochote wala maelezo ya anavyoishi ataandikiwa maswali na ombi litasimama. Ambatanisha karatasi za mishahara, barua ya mkopo au ufadhili wa masomo, na mkataba wa pango. Mweke mwenzi wako na watoto wanaokutegemea kwenye fomu hiyohiyo, kwa sababu cheti huwafunika.

Majibu ni mawili. HC2 ni msamaha kamili. HC3 ni msaada wa sehemu: kinataja kiasi cha juu unachopaswa kulipa kwa awamu. Kikiwa kimeandika £40 na matibabu ni £75.30, unalipa £40, yakiwa £27.40, unalipa £27.40. Vyeti hivi huisha muda, vingi baada ya miezi 6 au 12, na hakuna atakayekukumbusha kwa uhakika, kwa hiyo omba upya wiki kadhaa kabla. Kama jino haliwezi kusubiri cheti, tibiwa, lipa, kisha tuma HC1 na HC5(D) kwa pamoja.

Waombaji hifadhi wanaosaidiwa na Home Office (wizara ya mambo ya ndani) kwa makazi na posho hupewa HC2 bila kujaza HC1. Kama umehamishiwa mji mwingine na cheti hakikukufikia, waulize Migrant Help, shirika linalowasaidia waombaji hifadhi. Ukipewa hadhi ya ukimbizi msaada ule unakoma na mambo yanabadilika, hivyo usiendelee kutumia cheti cha zamani bila kukitazama tarehe.

Mama mjamzito amwambie mkunga katika miadi ya mwanzo kabisa kwamba anataka cheti cha msamaha wa uzazi. Mkunga ndiye anayetuma ombi, na wengine husahau. Fizi huvuja damu kirahisi wakati wa ujauzito, kwa hiyo ni wakati wa kwenda, siyo wa kungoja; mwambie daktari wa meno kuhusu mimba kabla ya eksirei au dawa. Haki inadumu miezi 12 baada ya kujifungua. Inamhusu pia mama ambaye mtoto alizaliwa amefariki, na ambaye mimba imeharibika akiwa na cheti anaweza kukitumia hadi tarehe yake ya mwisho. Hili tunalisema waziwazi kwa sababu mama aliyefiwa mara nyingi haulizi.

Kumpata daktari wa meno wa NHS ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Hakuna mipaka ya mtaa kama ilivyo kwa daktari wa kawaida. Unaweza kwenda mji wa jirani. Ingia tovuti ya NHS, andika postikodi, utaona kila ofisi imeeleza kama inapokea watu wazima wapya, watoto, au watu wazima wenye haki ya kutolipa. Hilo kundi la tatu huwa na nafasi mahali ambapo watu wazima wengine wamefungiwa, ndiyo maana ni muhimu ujue uko kundi gani kabla ya kupiga simu. Orodha hizo hupitwa na wakati, kwa hiyo piga simu kwa zote, na useme neno NHS kwenye sentensi ya kwanza. Ofisi nyingi hutibu kwa NHS na kwa binafsi, na usiposema unaweza kuwekwa upande wa binafsi. Omba kuandikwa kwenye orodha za kusubiri zaidi ya moja. Hawatakiwi kudai uthibitisho wa viza ili wakutibu. Omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. NHS ndiyo inayolipa. Kumtumia mtoto wako kutafsiri habari za ganzi na kung'oa ni kumbebesha mzigo usio wake.

Maumivu makali, piga 111, simu ya ushauri ya NHS. Uvimbe unaopanda kwenye jicho au kushuka shingoni, shida ya kumeza au kupumua, nenda idara ya dharura ya hospitali au piga 999. Kwa jino la kawaida linalouma, idara ya dharura haitakung'oa, na daktari wako wa kawaida naye hana vifaa.

Kabla ya matibabu ya daraja la pili au la tatu unapaswa kupewa mpango wa matibabu kwa maandishi, wenye bei. Mpango huo ukiwa na kazi ya binafsi ndani yake, yaani isiyo ya NHS, ionyeshwe kando. Hapa soma polepole. Daktari anaweza kukupa chaguo la kulipia, kama vile kofia ya rangi nzuri zaidi au kung'arisha meno, lakini hawezi kukuambia matibabu unayoyahitaji kiafya hayapo kwa NHS kama yapo. Uliza hivi: hili linapatikana kwa NHS, na kwa daraja gani?

Ukikosa miadi ya NHS hawawezi kukutoza faini, ila wanaweza kusitisha matibabu yako, na nafasi ya namna hiyo ni ngumu kuirudisha. Kazi ikiharibika, una kinga: ukihitaji matibabu mengine ya daraja hilohilo au la chini ndani ya miezi 2 baada ya kumaliza, kwenye ofisi ileile, hulipi, na jino lililozibwa au kofia ikitoka ndani ya miezi 12, kwa kawaida hurekebishwa bila malipo. Tunza karatasi yenye tarehe. Malalamiko yapeleke kwanza kwa meneja wa ofisi, au moja kwa moja kwa Integrated Care Board ya eneo lako, bodi inayosimamia huduma za NHS hapo. Usiporidhika na jibu, kwa Parliamentary and Health Service Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko.